Daktari wangu wa miaka mingi anastaafu na kliniki inafungwa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 49, mkazi wa Tukuyu. Kwa miaka karibu ishirini nimetibiwa na daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya wanawake na uzazi mwenye kliniki yake binafsi jijini Mbeya. Ndiye aliyenifanyia upasuaji wa kujifungua mtoto wangu wa mwisho, ndiye anayenifuatilia uvimbe kwenye kizazi, na ndiye aliyeniwekea kitanzi miaka minane iliyopita. Mwaka jana aliona mabadiliko kwenye mlango wa kizazi, akayachoma, akaniambia nirudi baada ya mwaka mmoja. Siku hizi hedhi yangu imeanza kuruka miezi. Sasa ametutangazia kwamba mwisho wa mwezi ujao anastaafu na kliniki inafungwa. Sijui faili langu litakwenda wapi, sijui nimfuate nani, na kusema kweli sina moyo wa kuanza kujieleza upya mbele ya daktari kijana. Je, ni vibaya kuendelea kumpigia simu au kumfuata nyumbani? Na binti yangu mwenye mimba ya kwanza, ambaye nilitaka aanzie kwake, nimpeleke wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa habari hiyo, kwani kuagana na daktari aliyekufahamu kwa miaka karibu ishirini si jambo jepesi, hasa katika fani yetu ambayo mgonjwa hulazimika kuyasema mambo asiyowaambia hata dada zake. Nitajibu yote uliyouliza, ila sitafuata mpangilio wako. Wewe umetanguliza faili na mtu wa kumfuata. Mimi ningependa utangulize mambo yenye tarehe.

Kwa ninavyoona katika kazi hii, mwanamke ambaye daktari wake amestaafu mara chache huumizwa na daktari mpya asiyemfahamu. Kinachomuumiza ni kile kipindi cha katikati ambacho wa zamani hayupo na mpya hajapatikana. Kipindi hicho huanza kama wiki mbili tatu za kusema "nitatafuta". Kisha shughuli za shamba zinaingia, ada za shule zinadaiwa, na kwa kuwa hakuna kinachouma, mwaka unakatika, na pengine wa pili. Wewe una mambo matatu yasiyouma ambayo hayawezi kuachwa hivyo, nayo ni mlango wa kizazi, kitanzi na uvimbe. Nayataja kwa utaratibu wa umuhimu wake.

Mlango wa kizazi ndio wa kwanza, na kwa mbali. Saratani ya sehemu hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini kwetu, na karibu mara zote chanzo chake ni kirusi cha papiloma, yaani HPV, kinachokaa mwilini kwa muda mrefu bila kuondoka. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu haukurupuki: kwa mwanamke mwenye kinga imara, safari ya kutoka kwenye maambukizi hadi saratani yenyewe kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, na ndiyo maana mabadiliko ya awali yanaweza kuonekana na kutibiwa kabla hayajawa saratani, kama daktari wako alivyofanya. Hata hivyo, matibabu ya kuchoma kwa joto au kugandisha kwa baridi huwaponya wanawake wengi lakini si wote, na hakuna namna ya kujua umo katika kundi lipi isipokuwa kwa kurudi kupimwa. Miezi 12 aliyokutajia ni muda uliowekwa kitaalamu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza muda huohuo kwa mwanamke aliyetibiwa mabadiliko ya awali. Kwa hiyo angalia kadi yako leo. Ikiwa mwaka unatimia kabla kliniki haijafungwa, au wiki chache tu baada ya hapo, mwombe akupime yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeliona eneo lile kabla na baada ya kulichoma. Ikiwa bado miezi mingi, asikupime mapema kwa ajili ya kufunga hesabu tu. Aandike tarehe, na aandike ni kipimo gani kifanyike siku hiyo.

Nasisitiza aina ya kipimo kwa sababu ya umri wako. Kipimo cha siki, yaani kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ili mabadiliko yaonekane, ambacho ndicho kinachopatikana katika vituo vingi vya wilaya zetu, kinategemea mtoa huduma kuliona kwa macho eneo lote ambako mabadiliko huanzia. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, eneo hilo hujirudisha ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na hapo siki inaweza kuonyesha hali safi kwa sababu tu sehemu yenye shida haionekani. Kwa mwanamke wa miaka 49 ambaye hedhi imeanza kuruka, na ambaye alishatibiwa hapo, mimi ningependelea kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho hakitegemei macho ya mtu, na ambacho sampuli yake unaweza hata kuichukua mwenyewe kwa kijiti maalumu baada ya kuelekezwa. Kama atakupima kwa siki, muulize waziwazi: "Eneo lote umeliona?" Jibu la swali hilo liandikwe kwenye faili.

Niongeze mawili kwa kifupi. Hukusema lolote kuhusu hali yako ya maambukizi ya VVU na wala silazimishi, ila utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha maambukizi Njombe kikiwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4, na mwanamke anayeishi na VVU hupimwa mlango wa kizazi kuanzia umri mdogo zaidi na kwa kurudiarudia kwa karibu zaidi, kwa sababu ile safari ya miaka 15 kwake inaweza kuwa fupi sana. Daktari mpya lazima ajue hali hiyo, vyovyote ilivyo. La pili, mtoto wako wa mwisho kama ni wa kike na ametimiza miaka 9, chanjo ya HPV anaipata bila malipo hadi atimize miaka 14, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Sasa kitanzi. Miaka minane si muda wa kutia hofu ikiwa ni kile cha madini ya shaba, kwani hicho hufanya kazi kwa miaka 10 hadi 12. Viko vitanzi vingine vyenye homoni ambavyo muda wake ni mfupi zaidi, na nimeshawaona wanawake ambao hawajui walichowekewa ni kipi. Wewe uliza jina lake na tarehe uliyowekewa, uandikiwe vyote viwili. Jambo linalosumbua zaidi kwa umri wako ni kwamba hedhi ikikoma, kitanzi husahaulika, kwani hakuna tena kinachomkumbusha mtu kwamba kipo. Sisi tunaofanya kazi hii hukutana na akina mama wa miaka 60 na zaidi wanaokuja na uchafu au maumivu ya chini ya kitovu, tukipiga picha tunakuta kitanzi cha enzi za ujana. Wengi wao waliwekewa na mtu aliyeshastaafu au kuhama. Kwa kawaida kinga dhidi ya mimba huendelea mpaka mwaka mmoja upite bila hedhi kwa aliyevuka miaka 50, au miaka miwili kwa aliye chini ya hapo, kisha kitanzi hutolewa. Kwa hiyo usikubali kitolewe mwezi huu kwa sababu tu daktari anaondoka. Wala usiondoke bila kuwa na maandishi yanayosema kipo na kinapaswa kutoka lini.

Kuhusu uvimbe wa kizazi, ambao kitaalamu huitwa faibroidi, mwingi husinyaa wenyewe hedhi ikikoma, na yamkini hilo ndilo alilokuwa akilisubiri daktari wako pasipo haraka ya kukupasua. Unachohitaji kutoka kwake ni vipimo vya uvimbe kwa sentimita, uko upande gani wa kizazi, na ulikuwaje mwaka hadi mwaka. Madaktari wa rika lake walizoea kupima kwa mkono na kusema "ukubwa wa mimba ya wiki 12", na mikono yao ilikuwa hodari kweli. Ila mkono huo hauwezi kukabidhiwa kwa mwingine, na daktari atakayekupokea atashindwa kujua kama uvimbe umekua au ndivyo ulivyokuwa siku zote. Uvimbe unaoendelea kukua baada ya hedhi kukoma ni jambo la kuchunguzwa haraka. Vivyo hivyo, ukikaa miezi 12 kamili bila hedhi kisha damu ikatoka, hata tone, usiseme "hedhi imerudi". Nenda kituoni wiki hiyohiyo. Na kwa kuwa hedhi za wenye uvimbe huweza kuwa nzito, pima wingi wa damu sasa, ukijua kwamba kwa mwanamke asiye na mimba kiwango kikishuka chini ya gramu 12 huo ni upungufu wa damu unaopaswa kutibiwa, usivumiliwe.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye faili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wagonjwa wetu wanapopoteza zaidi.

Kliniki binafsi inapofungwa, mafaili huweza kukabidhiwa kwa daktari mwingine anayelichukua jengo, huweza kuhifadhiwa na mwenyewe, au huweza kubaki kwenye makabati mpaka mwenye nyumba atake chumba chake. Usisubiri kujua ni lipi kati ya hayo litatokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Kuomba nakala, basi, si utovu wa adabu wala si dalili kwamba humwamini. Ni kawaida faili lenyewe kubaki kliniki na wewe kupewa nakala, na ukiambiwa uchangie gharama ya kutoa kopi, changia. Lakini kama ningelazimika kuchagua kati ya rundo zima la nakala na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri kwa mkono wa daktari wako, ningechukua ukurasa mmoja. Rundo la karatasi za miaka ishirini halisomwi na mtu mwenye wagonjwa arobaini kwenye foleni. Ukurasa mmoja husomwa.

Ukurasa huo ni muhtasari wa matibabu, na mwombe auandike akiwa ametulia, usimwombe ukiwa tayari umeshika mlango. Mpe siku kadhaa. Uanze na matatizo yako kwa sasa na tarehe zake, kama nilivyokwisha kueleza. Kisha uingie kwenye upasuaji wako: ulifanywa mwaka gani, kwa sababu gani, kizazi kilikatwa vipi, na kama kulikuwa na tatizo la damu au la dawa ya usingizi. Watu wengi hudhani kwamba kovu la tumboni linaeleza yote, lakini kovu la ngozi si kovu la kizazi. Mtu anaweza kuwa na mkato wa kulala kwenye ngozi na mkato wa kusimama ndani, na ni aliyekuwa chumba cha upasuaji tu anayejua. Kwako wewe, usiyetarajia tena kuzaa, habari hiyo bado ina kazi, kwa sababu siku ukihitaji kuondolewa uvimbe au kizazi, daktari wa upasuaji atataka kujua kama kibofu kimeshikamana na kovu la zamani, na kama walipokupasua tumbo mara ile walikuta chochote cha ajabu.

Yako pia mambo ambayo hayamo kwenye faili hata kidogo, yamo kichwani mwake tu. Dawa fulani ilikuletea vipele mwaka fulani akakubadilishia bila kuandika. Aliwahi kufikiria kukupasua akaahirisha, na alikuwa na sababu. Aliona kitu kidogo kwenye kokwa la mayai (ovari) la kushoto akasema "tutakiangalia". Kwa hiyo katika miadi yenu ya mwisho muulize swali hili kama lilivyo: "Daktari, kuna jambo gani kuhusu mimi ambalo ulikuwa unaliangalia lakini hukuwahi kuliandika?" Mpe muda wa kufikiri. Mimi naamini swali hilo moja lina thamani kuliko nakala zote.

Kama mwaka jana alikata kinyama kwenye mlango wa kizazi kikapelekwa maabara, omba jibu la maandishi lenye jina la maabara na namba ya sampuli. Vipande hivyo huhifadhiwa katika nta huko maabara, si kliniki, na endapo kutatokea shaka siku za mbele vinaweza kusomwa upya na mtaalamu mwingine, ili mradi namba ipo. Kwa upande wa utrasaundi, ile picha ndogo yenye weusi na weupe haina msaada mkubwa, na karatasi yake hufifia kwa joto na muda. Unachotaka ni ripoti iliyoandikwa. Na kwa kuwa uko Tukuyu, mahali ambapo mvua haina adabu, karatasi zote ziwekwe kwenye bahasha ya nailoni, na ukurasa wa muhtasari upigwe picha kwa simu yako na ya mtu mmoja unayemwamini. Nasema mmoja. Taarifa za mlango wa kizazi si za kundi la familia la WhatsApp.

Jambo dogo linaloleta usumbufu mkubwa ni majina. Katika kliniki zetu nyingi faili hufunguliwa kwa jina la "Mama Fulani", au la ukoo wa mume, huku kitambulisho cha taifa na kadi ya bima vina jina la ukoo wa baba. Daktari aliyekuzoea haoni tatizo, lakini hospitali mpya itakuwa na wanawake wawili mahali ambapo yupo mmoja. Muhtasari uandikwe kwa majina ya kitambulisho, na lile lililotumika kliniki litajwe pembeni. Wa kumwendea kwa hilo ni muuguzi wa mapokezi zaidi kuliko daktari, kwani mara nyingi yeye ndiye anayejua mafaili ya zamani yako rafu gani na yaliandikwaje. Mfuate mapema, kabla na yeye hajaanza kufungasha.

Umfuate nani, basi? Ushauri wangu ni kwamba usitafute mtu mmoja wa kuziba nafasi yote iliyoachwa. Gawa kazi. Mambo ya kawaida, kama kupima damu, presha, na kuangalia kitanzi, yanaweza kufanyika hapohapo karibu nawe. Tukuyu kuna hospitali ya wilaya pale Makandana, na Rungwe ipo pia hospitali ya misheni ya Igogwe. Haina maana kupanda gari kilomita takriban 70 kwenda Mbeya kwa ajili ya kipimo cha damu. Daktari bingwa umwone kwa lile la mlango wa kizazi kama majibu si safi, kwa uvimbe mara moja kwa mwaka mpaka hedhi ikome, na wakati wowote utakapoona damu isiyoeleweka. Kwa Mbeya, kitengo cha wazazi cha Meta, ambacho ni sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ndicho chenye mkusanyiko mkubwa wa mabingwa wa fani hii katika nyanda zetu, na faida yake ni kwamba kule hata daktari mmoja akistaafu faili linabaki. Hilo kwako sasa lina uzito kuliko hapo awali. Wasomaji wa upande wa Iringa na Njombe walio katika hali kama yako wana hospitali za rufaa za mikoa yao, na pia hospitali za misheni zenye historia ndefu kama Tosamaganga, Ilembula na Ikonda.

Ukipendelea kliniki binafsi tena, ni haki yako, na huduma yake huwa na utulivu ambao hospitali kubwa haiwezi kuutoa. Mwulize kwanza daktari wako angemkabidhi nani mke wake mwenyewe, madaktari wanafahamiana. Kisha hakikisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba huyo anayetajwa ni bingwa aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sababu neno "bingwa" siku hizi huandikwa kwenye vibao kwa ukarimu. Bingwa wa kweli amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akarudi darasani na wodini kwa miaka mitatu au zaidi katika fani hii pekee, na jina lake limo kwenye daftari la Baraza. La pili ni bima: kliniki iliyokuwa ikipokea kadi yako inafungwa na mkataba wake, na ile mpya huenda haina. Piga simu uulize kabla ya kusafiri.

Kuhusu kuanza upya mbele ya daktari kijana, nakuelewa, wala sitakuambia kwamba aibu ni ujinga. Ila nikuombe utenganishe mambo mawili. Kujieleza upya kunapunguzwa sana na ule ukurasa mmoja: unamkabidhi, anasoma, na anaanza kukuuliza mambo ya leo badala ya mambo ya miaka ishirini. Kuhusu kuvuliwa nguo na kupimwa, unaweza kuomba daktari mwanamke, na kama hayupo, unaweza kudai muuguzi wa kike awepo chumbani muda wote. Daktari mwenye maadili hatachukia, na akichukia umepata jibu lako kuhusu yeye. Zaidi ya hapo, kijana huyo huenda amefundishwa mambo ambayo sisi wa zamani tuliyakuta njiani, kikiwemo kile kipimo cha HPV nilichokipendekeza. Mbeya ina chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadhi ya vijana utakaokutana nao Meta wamefundishwa palepale, pengine hata na daktari wako.

Na simu? Kumpigia kumjulia hali si vibaya, na hata kumuuliza anakumbuka nini kuhusu upasuaji wako endapo daktari mpya atakwama, hilo naliona ni jambo la busara, mradi yeye mwenyewe ameridhia. Kumfuata nyumbani akutibu ni jambo jingine. Daktari hutibu akiwa na leseni hai, na hutibia mahali palipoidhinishwa, penye vifaa, mwanga, muuguzi na kumbukumbu. Akiziachia leseni na kliniki, kukupima sebuleni ni kumweka katika hatari ya kinidhamu uzeeni mwake, na ni kukuweka wewe katika hatari kubwa zaidi, kwa maana hakuna kitakachoandikwa. Ugumu ni kwamba wengi wao hawawezi kusema hapana kwa mgonjwa wa miaka mingi. Kwa hiyo usimwombe. Kama unataka kumshukuru, wa Rungwe hakosi mkungu wa ndizi wala parachichi za kumpelekea.

Nimalizie kwa binti yako, ambaye hana sababu ya kungoja hata siku moja. Mimba ya kwanza isiyo na tatizo haihitaji kuanzia kwa bingwa. Inahitaji kuanza mapema, kabla ya wiki ya 12 ikiwezekana, katika kituo cha karibu na anapoishi, na mahudhurio yasiyopungua manane hadi kujifungua. Hapo atapimwa presha, mkojo, wingi na kundi la damu, VVU na kaswende, na atafanyiwa utrasaundi kabla ya wiki ya 24 ili tarehe ya kujifungua ijulikane kwa uhakika. Kikionekana chochote kisicho cha kawaida atapewa rufaa, na kwa huko kwenu njia ya rufaa hatimaye inafika Meta.

Kuna jambo moja tu ambalo binti huyo analihitaji kutoka kwa daktari wako kabla hajafunga, nalo limo kwenye faili lako. Wewe ulipasuliwa kwa sababu gani? Ikiwa mtoto alikuwa amelala vibaya, au uvimbe ulikuwa umeziba njia, basi hilo lilikuwa lako na mimba ile. Lakini ikiwa ni presha ya mimba au kifafa cha mimba, tatizo hilo huelekea kujirudia katika ukoo, na binti ambaye mama yake alilipata yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulipata kuliko wenzake. Akilisema siku ya kwanza ya kliniki, mkunga ataandika kwenye kadi yake, presha yake itaangaliwa kwa jicho la tahadhari tangu mwanzo, na daktari ataamua kama aanzishiwe aspirini ya dozi ndogo, ambayo hufaa zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Hesabu wiki zake leo, kisha mpigie muuguzi wa kliniki akutolee faili hilo kesho.